Vinundu vya shingo na vya maziwa: Wachina wanasema nini, na chupa ya mdogo wangu ilikuwa na nini



Mwezi wa tatu mdogo wangu wa Bukavu alinitumia odio ya dakika sita. Anasema: "Yaya, niko na kitu ndani ya ziwa la kushoto, iko kama haragi kubwa. Na ile ya shingo unaijua, ile ya tangu zamani. Mama moja ameniuzisha dawa ya Bachina, anasema inayeyusha vinundu vyote, vya shingo na vya maziwa. Weye ulikaa kule. Ni kweli?"

Swali ni fupi, jibu lake si fupi, njo maana naandika hapa. Najua katika sisi tunaosoma ukurasa huu wako wengi wenye dada, mama ao bibi anayekunywa chupa kama ile, na wako pia wanaoziuzisha ili wapate cha kulipia nyumba. Sitatukana mtu. Nataka tu tuelewe Wachina wenyewe wanafikiri nini juu ya vinundu, maana kile kinachofika kwetu ndani ya chupa ni kipande tu cha mambo yao, na mara nyingi si kipande kizuri.

Mimi si munganga. Nilienda Nanjing kusoma kemia ya chakula, nikakaa miaka minne. Lakini kinundu nilikipata mimi pia. Nilikuwa nasikia moyo unapiga mbio usiku, nikaenda hospitali, wakanifanyia ekografi ya shingo: kinundu kimoja upande wa kuume, milimita 8, kwenye daraja la TI-RADS 3. Nililia njia yote mpaka kwenye chumba changu. Rafiki zangu Wachina walinishangaa. Mmoja akaniambia mama yake iko nacho, shangazi yake iko nacho, mwalimu wetu wa maabara iko nacho. Kule makampuni na shule hupeleka watu wao kupimwa kila mwaka, na ekografi ya shingo na ya maziwa inaingia mara nyingi katika kipimo hicho. Ukitafuta sana, unapata sana. Kwa ekografi, vinundu vya tezi ya shingo vinaonekana kwa watu wazima wengi ajabu, wanawake zaidi ya wanaume, na zaidi ya 90 katika 100 si kansa. Korea Kusini walijifunza hilo kwa uchungu: walipoanza kupima shingo za watu wazima ovyo, kansa ya tezi iliyogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa karibu mara 15 ya ile ya mwaka 1993, lakini idadi ya waliokufa nayo haikubadilika. Watu wengi walikatwa tezi juu ya kitu ambacho kingekaa kimya mpaka mwisho wa maisha yao.

Basi rafiki zangu wakanipeleka kwa mzee mmoja katika hospitali ya dawa za Kichina. Hapa njo kuna jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulijui. Tunapofikiri "dawa ya Kichina" tunaona mzee mwenye ndevu na mitungi ya majani. Ile hospitali ilikuwa na ghorofa nyingi, na maabara, na skana, na chumba cha upasuaji. Mzee aliomba kwanza karatasi yangu ya ekografi na matokeo ya damu. Alisoma TSH yangu mbele ya kugusa mkono wangu.

Halafu akaniwekea vidole vitatu juu ya kiwiko cha mkono, kushoto na kuume, akasikiliza mapigo kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akaangalia ulimi. Akauliza kama nalala vizuri, kama nina hasira ninazomeza, kama maziwa yanavimba na kuuma mbele ya siku zangu, kama choo ni kigumu. Mapigo yangu, akasema, ni kama uzi wa gitaa uliokazwa. Hiyo kwao ni alama ya ini.

Si ini lile tunalolijua la kuchuja damu. Ni hapa wengi wanapotea. Katika mawazo yao ini ni jina la kazi: kazi ya kutembeza qi, yaani ile nguvu inayoendesha vitu mwilini, bila kukwama. Mtu akikasirika na kunyamaza, akihangaika miezi na miezi juu ya mtihani, bwana ao deni, qi ya ini inakwama. Na njia ya ini, kwenye ramani yao ya mwili, inapanda kutoka mguuni, inapita mbavuni na upande wa kifua, halafu inapita nyuma ya koo. Njia ya tumbo nayo inapita katikati ya ziwa. Njo sababu kwao kinundu cha shingo na kinundu cha ziwa ni ndugu: vinakaa kwenye barabara moja. Qi ikikwama, maji ya mwili hayatembei tena, yanaganda yakawa kitu wanachoita tan. Tan maana yake ya kawaida ni makohozi, lakini hapa ni zaidi ya makohozi: ni kila kitu kizito kilichopaswa kutiririka kikakataa. Ikikaa sana, damu nayo inasimama. Kwanza laini, kisha ngumu. Fikiria mfereji wa shamba: takataka kidogo, maji yanapungua mbio, tope linashuka, baada ya mwaka unahitaji jembe.

Uvimbe wa shingo wanauita ying. Vinundu vya ziwa visivyo vibaya wanaviita rupi. Kansa ya ziwa iko na jina lake la pekee, ruyan, na hiyo yan ni mwamba, jiwe. Kumbukeni neno hilo, tutalirudilia.

Tiba inafuata picha ile. Kufungua ini: chaihu, na xiangfu, ambayo si kitu kingine ila ndago, ile nyasi inayochosha wakulima wetu. Kuyeyusha tan: zhebeimu. Kulainisha kilicho kigumu na kutawanya kilichofungana: gamba la chaza, majani ya xiakucao, na vitu viwili vya baharini, haizao na kunbu, yaani mwani. Ikiwa damu imesimama wanaongeza ubani na manemane. Na hapa nilicheka peke yangu, maana ubani na manemane vilifika China kwa merikebu na misafara kutoka pande za Somalia na Uarabuni. Sehemu ya hiyo "dawa ya Kichina" ilianzia upande wetu wa bahari.

Lakini mwani unastahili tukae hapo kidogo.

Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4, aliandika kitabu cha dawa za haraka, za kuweka ndani ya mkono wa nguo. Ndani yake mwani uliolowekwa katika pombe unapewa watu wenye uvimbe wa shingo. Ni kitabu kile kile alichokisoma Tu Youyou karne ya 20, akapata wazo la kutoa artemisinini bila kuchemsha jani lake, akapewa Nobel mwaka 2015. Kila mmoja wetu aliyetibiwa malaria kwa dawa za jamii ya artemisinini anadai shukrani kidogo kwa Ge Hong. Mimi nawaheshimu wazee hawa kweli. Katika karne ya 7 waganga wa Tang walikuwa wanatoa hata tezi za shingo za kondoo kama dawa ya uvimbe wa shingo, miaka zaidi ya 1,200 mbele ya Ulaya kufikiria jambo kama hilo.

Na mwani ulisaidia kweli, juu ya iodini. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa anafanya kazi na majivu ya mwani akaona mvuke wa zambarau: ndiyo iodini. Mwaka 1820 Coindet wa Geneva akaanza kuwapa iodini watu wenye rovu. Kumbe watu wa milima ya China, mbali na bahari, walikuwa na njaa ya iodini, na mwani uliwapa kile walichokosa. Ge Hong hakujua sababu, lakini jicho lake liliona sawa.

Sasa tuje kwetu, maana hadithi hii ina mguu wake Kivu. Sisi nasi tuko mbali na bahari. Watafiti walifika kisiwa cha Idjwi miaka ya 1960 wakakuta rovu kwa watu wengi. Walikuta pia jambo la kuwasumbua kichwa: iodini ilikuwa kidogo kisiwa chote, lakini rovu lilikuwa nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Ukosefu wa iodini peke yake haukutosha kueleza, na kutoka hapo, na kutoka Ubangi, utafiti ukaelekea kwenye muhogo na sumu yake isiyotolewa vizuri, inayozuia tezi kuchukua iodini. Baadaye chumvi yenye iodini ikaja. Ilikuwa kazi njema, watoto wengi wameokolewa akili zao. Lakini mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kivu: watu wenye rovu la zamani, lenye vinundu, walipopata iodini kwa wingi, tezi yao iliwaka moto. Moyo mbio, kukonda, kutetemeka, joto.

Sababu yake si ngumu. Tezi iliyokaa miaka na njaa inaweza kufanya vinundu ambavyo havisikilizi tena amri ya ubongo. Vinatengeneza homoni kadiri vinavyopata iodini. Vikiwa na njaa, vimenyamaza. Ukivipa chakula, vinafanya kazi bila kikomo. Na mwani ni chakula kweli kweli: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, lakini gramu 1 tu ya kunbu kavu inaweza kubeba zaidi ya 1,000. Kipimo cha kawaida cha kunbu katika dawa ni gramu 6 mpaka 12 kwa siku. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe.

Mzee wangu wa Nanjing alilijua hilo. Aliniuliza nakula chumvi gani, akatazama tena TSH, akasema mwani hatuweki. Wachina leo wanakula chumvi yenye iodini, na waganga wao wenyewe wanabishana kama dawa za bahari za zamani bado zina nafasi. Aliniandikia chaihu, xiangfu, xiakucao, zhebeimu, gamba la chaza na vitu vingine vitatu vya kusaidia tumbo. Akasema rudi baada ya miezi sita na ekografi mpya. Kinundu kikikua ao kikibadilisha sura, wataingiza sindano.

Nilikunywa. Ni chungu, tuseme ukweli. Miezi sita ikapita, ekografi ikaandika milimita 7. Nikafurahi, nikawapigia simu nyumbani: dawa imefanya! Wiki iliyofuata, kwenye maktaba, nikapata utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2015. Waliwafuata watu 992 wenye vinundu vya tezi visivyo vya kansa, miaka mitano. Vinundu vilikua kwa watu kama 15 katika 100. Kwa watu 18 na nusu katika 100 vilipungua vyenyewe. Bila jani, bila sindano. Na zaidi ya hayo, milimita moja kwenye ekografi inaweza kutoka kwa mkono tu wa anayepima. Kwa hiyo kama watu 100 wakikunywa maji ya mchele kwa miaka mitano, karibu 18 watatoa ushuhuda. Wale wengine hatutawasikia kwenye odio za WhatsApp.

Je, hakuna utafiti wa Wachina? Uko, tena nyingi. Nilisoma mwingi kadiri Kichina changu kiliniruhusu. Karibu yote niliyoisoma ilikuwa na ugonjwa ule ule: watu 30 huku, 30 kule, miezi mitatu, hakuna kidonge cha bandia, na anayepima ekografi anajua nani alikunywa nini. Huwezi kujenga nyumba juu ya udongo huo. Kama mtu akinibana, nitasema hivi: kwa maumivu ya maziwa yanayokuja na siku za mwezi, na kwa mtu aliyekosa usingizi juu ya woga wa kinundu, nimeona dawa kama Xiaoyao San ya nyakati za Song ikiwapa rafiki zangu utulivu. Ni dawa, ama ni munganga aliyekaa nao nusu saa akiwauliza wanalala namna gani? Sijali sana. Kuyeyusha kinundu ni habari nyingine, na hiyo bado inangoja ushahidi wa nguvu.

Na si kila jani ni rafiki. Huangyaozi, kwa mfano, ni kiazi kikuu cha juu, kile kinachozaa viazi vidogo hewani kwenye kamba yake. Kwetu pia kinaota, na wanaokula aina yake ya porini wanajua lazima kilowekwe na kuchemshwa. Wachina wamekitumia kwa uvimbe wa shingo tangu zamani, na hospitali zao zenyewe zimeandika juu ya wagonjwa walioharibika ini nacho. Xiaojin, vidonge vinavyopendwa kwa vinundu vya maziwa, vina miski na mzizi wa akonito, ambao ni sumu usipotengenezwa sawasawa, na mwanamke mwenye mimba hapaswi kuvigusa. Wachina wenyewe hawakubaliani kila kitu: orodha yao ya zamani ya mimea isiyopaswa kuchanganywa inakataza mwani haizao pamoja na gancao, lakini dawa maarufu ya uvimbe wa shingo katika kitabu cha Chen Shigong cha mwaka 1617 inavitia vyote viwili katika chungu kimoja. Mzee wangu nilipomuuliza alicheka tu.

Sasa ziwa. Hapo sina mzaha.

Zhu Danxi, munganga wa karne ya 14, alieleza kinundu kinachoanza katika ziwa kama kete ya mchezo, hakiumi, hakiwashi, mtu anakaa nacho miaka, halafu siku moja kinapasuka kidonda. Njo ule mwamba niliousema. Alifikiri unatoka kwa huzuni na hasira za mwanamke asiyesikilizwa nyumbani. Sababu hiyo hatuwezi kuikubali leo kama yeye, lakini macho yake yaliona lililo kubwa: hakiumi. Kwetu watu wanasema kinyume, eti "haiumi, basi si kitu." Msiseme hivyo tena. Wazee wa Kichina waliogopa mwamba ule kiasi kwamba waliona kuushika mapema ndiyo nafasi pekee. Anayeuza chupa akisema "subiri miezi sita uone" hafuati hata wazee anaowataja.

Kwa msichana wa miaka 15 mpaka 35, kinundu cha ziwa mara nyingi ni fibroadenoma: kina mpaka, kinateleza chini ya kidole kama panya, si kansa. Lakini kidole hakitoshi kukata shauri. Wanaanza na mkono wa munganga, kisha picha (kwa vijana ekografi kwanza, maana ziwa la kijana ni zito na mamografi haioni vizuri), na picha ikiacha shaka, sindano ya kutoa kipande kidogo kwenda maabara. Kigumu kisichosogea, ngozi inayojivuta kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani ao kutoa damu, tezi kwapani: usingoje wiki. Hata usingoje mshahara, azima.

Nilimwambia mdogo wangu anipigie picha ya chupa yake. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya Kichina, na yule mama muuzaji hawezi kuyasoma, simlaumu kwa hilo. Mimi niliyasoma. La kwanza: kunbu. La pili: haizao. Halafu xiakucao, muli, na mengine mawili. Alikuwa anakunywa vidonge sita kwa siku, tangu Noeli. Nikamwuliza: "Moyo wako unapigaje?" Akanyamaza kidogo. "Yaya, unajuaje? Silali tena. Na nimekonda, batu banasema niko mrembo."

Nyumba ya mama yetu inatoka Idjwi.

Tulichanga franga, mimi na kaka mkubwa. Alipimwa TSH: iko chini kabisa, karibu haionekani. Munganga akamkataza ile chupa siku hiyo hiyo, akampa dawa ya kutuliza moyo, akamwambia arudi kwa kipimo kingine. Ekografi ya shingo ilionyesha vinundu vitano, hakuna kinachotisha. Ya ziwa ilionyesha kimoja cha sentimita 2, mpaka wake mzuri, lakini kwa kuwa hakuna aliyejua kimekuwapo tangu lini, wakaingiza sindano. Tulingoja majibu siku 19. Mimi niliyeandika haya yote kwa utulivu, siku zile 19 sikuweza kusoma ukurasa mmoja.

Fibroadenoma. Haijakatwa, ataangaliwa kila miezi sita, na kama ikikua wataitoa. TSH nayo imeanza kupanda polepole, kipimo cha mwisho kilikuwa bora kuliko cha kwanza ingawa bado hakijafika. Yule mama muuzaji ameniandikia mwenyewe, akauliza kama naweza kumtafsiria maandishi ya chupa nyingine tatu anazouza. Nimemtafsiria mbili mpaka sasa. Na ile ya mdogo wangu bado iko juu ya kabati yake, imebaki nusu, anasema alilipa franga nyingi hawezi kuitupa.